Boma la Mkalama

Somo letu la leo ni la historia, nawe utalifuata vizuri zaidi kama mmoja katika darasa lenu ana ramani ya mkoa wa Singida. Kama hamna ramani si kitu. Chukua kijiti, uchore mstari ardhini. Mstari huo ni barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Weka jiwe dogo juu ya mstari, upande wa kaskazini ya Singida. Jiwe hilo ni Iguguno. Hapo Iguguno njia hugawanyika, na ukiifuata ile iendayo kaskazini utafika Nduguti, yaliyo makao ya Wilaya ya Mkalama. Ukizidi kwenda utapita Gumanga, na mwisho wake utashukia mto Sibiti. Katika nchi hiyo ya kaskazini, mpakani pa Iramba na Isanzu, kipo kijiji cha Mkalama. Hapo ndipo Wadachi walipojenga boma lao, na habari za boma hilo ndizo tutakazosoma leo.

Wadachi ni jina la zamani la Wajerumani. Wazee wetu walilitumia sana, nami nitalitumia, kwa kuwa ndilo lililosikika siku hizo. Walidai nchi hii kuwa yao tangu mwaka 1885, lakini kudai ni neno moja na kutawala ni neno jingine. Huku bara walikawia kufika, na utawala wao ukavunjika katika Vita Kuu iliyoanza mwaka 1914. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa Iramba kabla ya Wadachi kufika aliweza kuwaona wakija, akawaona wakiondoka, na bado asiwe mzee sana.

Tulitazame kwanza neno lenyewe, maana wewe unayejifunza kusoma yakupasa kujua maneno yametoka wapi. Boma ni ua. Mfugaji akizungusha matawi ya miiba ili fisi asiingie zizini, amejenga boma. Mdachi naye alipokuja alizungusha kitu: mwanzo miti na handaki, baadaye ukuta wa mawe. Watu wakaliita boma vile vile. Kisha neno likapanda cheo. Mtu akisema, "Nakwenda bomani," hakumaanisha zizini. Alimaanisha kwa Bwana Mkubwa, penye kodi, kesi na gereza. Mpaka leo ziko wilaya ambazo ofisi ya serikali huitwa bomani, ingawa hapana ukuta wala askari wa zamu juu yake. Serikali iliazima neno hilo kwa ng'ombe, na haijalirudisha.

Lakini usidhani kwamba ngome ya kwanza katika nchi hii ilikuwa ya Mdachi. Watu wa huku walikuwa na ngome zao zamani, nazo zilikuwa nyumba zao wenyewe. Unaijua tembe: nyumba ya chini, kuta nene za miti na udongo, na dari bapa iliyofunikwa udongo juu. Wanyaturu, Wanyiramba na Wagogo waliishi katika nyumba za namna hiyo, na baadhi yao walichimba ndani hata nusu ya nyumba ikawa chini ya ardhi. Wamasai au Wataturu walipokuja kuteka ng'ombe, tembe haikushika moto upesi kama nyumba ya nyasi, na mlango wake mmoja mwembamba aliweza kuulinda mtu mmoja mwenye mkuki. Ukiifikiri vizuri, tembe na boma la Mdachi ni ndugu: zote mbili zina kuta nene, zina uwanja wa ndani, na zina mlango mmoja. Tofauti ni hii. Tembe ilimlinda mwenye nchi asiingiliwe na wageni. Boma lilimlinda mgeni asiingiliwe na wenye nchi.

Na katika Isanzu palikuwa na jambo la ajabu zaidi. Utemi wa Wanyisanzu uliambatana na mvua. Pale Kirumi palikuwa na mtemi mwanamume na mtemi mwanamke, na kazi ya mvua haikukamilika bila wote wawili, kama vile mtoto hazaliwi na mzazi mmoja. Watawala hao hawakuhitaji ukuta wa mawe ili watiiwe. Mtu aliwatii kwa sababu alitaka shamba lake lipate mvua.

Sasa Wadachi waliingiaje? Walianza pwani. Mwaka 1889 Hermann Wissmann alileta askari wa kukodi, wengi wao Wasudani waliotoka Misri, na wengine waliotoka upande wa Msumbiji, akapigana na Abushiri na watu wa pwani. Baadaye walipanda bara kwa njia ile ile ya misafara iliyotumiwa na wafanya biashara wa pembe. Katika miaka ya 1890 waliweka kituo cha askari Kilimatinde, juu ya ukingo wa bonde, kusini ya Singida. Kutoka Kilimatinde na Kondoa-Irangi waliipapasa nchi ya Unyaturu na Iramba kidogo kidogo. Kila mahali walipotaka kukaa walijenga boma, na si bure. Mwaka 1891 Wahehe wa Mkwawa waliliteketeza jeshi la Kidachi pale Lugalo, na mwaka 1905 vita ya Maji Maji ilizuka kusini. Tangu hapo Mdachi wa bara hakupenda kulala mahali pasipo na ukuta.

Boma la Mkalama lilijengwa katika miaka hiyo ya mwanzo wa karne ya 20. Mwaka 1911 tayari lilikuwa kituo kinachojulikana, kwa maana mtaalamu wa jiografia wa Kidachi, Erich Obst, alianzia hapo safari yake ya kwenda kuwatazama Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi. Yeye aliwaita Wakindiga, na mwaka 1912 habari zake zilichapwa huko Hamburg, na jina la Mkalama limo katika kichwa cha habari zenyewe. Fikiri, ndugu yangu: wasomaji wa Hamburg walisoma jina la Mkalama wakati ambapo karibu kila mtu wa Mkalama hakuweza kulisoma.

Kwa mambo ya utawala, Mkalama ilikuwa tawi la wilaya ya Kondoa-Irangi. Kondoa iko mbali, mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Kwa hiyo Mzungu aliyekaa Mkalama, pamoja na askari wake na karani wake, alikuwa kama mfalme mdogo. Shauri lililokatwa pale lilikuwa limekatwa. Nani angetembea mpaka Kondoa kukata rufani, tena kwa lugha gani?

Na nani alijenga? Ukiwauliza watu, wengi hujibu, "Walijenga Wadachi." Jibu hilo nalikataa. Maboma ya bara yalijengwa kwa mikono ya watu wa mahali penyewe. Mdachi alipima kwa kamba, akaonyesha kwa kidole, na mafundi wachache wakamsaidia. Lakini mawe hayakujibeba. Maji ya kukandia udongo hayakupanda yenyewe kutoka mtoni, wala boriti za mninga hazikutembea kutoka porini. Watemi na majumbe waliamriwa kutoa watu, na watu wakatolewa, mara nyingi wakati ule ule shamba linapotaka jembe. Wengine hawakupata malipo, na wengine walipata kidogo. Kwa hiyo ukipita penye ukuta wa zamani wa namna hii, usiutazame kama kazi ya Mzungu. Huenda jiwe lile lilibebwa na bibi wa bibi yako.

Kazi kubwa ya boma ilikuwa kodi. Serikali ya Kidachi iliamuru kodi ya nyumba katika mwaka 1897, na ikaanza kutozwa mwaka uliofuata. Kwa watu wa bara ilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Rupia ni sarafu ya fedha, na tangu 1904 rupia 1 iligawanywa kuwa heli 100. Mnyiramba alikuwa na mtama, uwele, mbuzi, asali na nta. Rupia hakuwa nayo. Ili aipate ilimpasa kuuza mnyama au nta kwa mfanya biashara, au kwenda kuitafuta kwa jasho lake: kubeba mizigo ya misafara, kulima katika mashamba ya walowezi, au kujenga reli. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na vijana wengi wa bara walishika sururu kando yake kwa ajili ya rupia hizo 3. Wengine hawakurudi.

Nasimama kidogo hapa, kwa kuwa jambo hili lakuhusu wewe unayeshika kitabu jioni baada ya kazi. Aliyelipa kodi alipewa karatasi. Karatasi ile ndiyo iliyokuwa ngao yake askari walipopita kijijini. Sasa tazama hatari yake. Mtu ametoa rupia 3, amepokea karatasi, naye hajui kama imeandikwa 3 au 1, hajui kama jina ni lake au la mwingine, hajui kama ni ya mwaka huu au wa jana. Anayejua ni karani peke yake. Karani mwema alikuwa baraka. Karani mwizi alikuwa msiba, na hapana aliyeweza kumshitaki, maana ushahidi wenyewe ulikuwa mkononi mwa mshitaki na hakuweza kuusoma. Watu huzungumza sana juu ya bunduki za Wadachi. Mimi nadhani kalamu iliyokuwa ndani ya boma iliogopwa kadiri ile ile.

Makarani hao hawakuandika Kidachi tu. Wengi waliandika Kiswahili. Wadachi walifungua shule ya serikali Tanga katika mwaka 1892, na vijana waliofundishwa huko wakasambazwa nchi nzima kuwa makarani, waalimu na maakida. Hata gazeti, lililoitwa "Kiongozi", lilianza kuchapwa Tanga mwaka 1904. Kiswahili kilikuwa kimefika bara zamani pamoja na misafara, lakini sasa kilipewa meza na wino. Hivyo lugha hii unayojifunza kuisoma, ambayo leo ni yetu sote, siku hizo Mnyisanzu aliisikia kwanza mdomoni mwa mfanya biashara na askari. Hilo si neno la kuona haya. Mtu huweza kunyang'anya mkuki wa adui akautumia yeye.

Pamoja na kalamu kulikuwa na kiboko. Adhabu ya viboko 25 ilikuwa ya kawaida kabisa, hata ikapata jina lake, "hamsa ishirini", na jina hilo lilijulikana tangu pwani mpaka maziwani. Wazee waliokuja kuulizwa juu ya zamani za Wadachi, katika sehemu nyingi za Tanganyika, walianza na neno hilo kabla ya jingine lo lote. Wengine waliongeza, "Lakini Mdachi alikuwa na sheria, na neno lake lilikuwa moja." Usishangae ukisikia sifa na lawama katika kinywa kimoja. Kumbukumbu za watu si hesabu ya dukani.

Wala watu hawakukubali yote kwa kimya. Jirani zenu Wanyaturu husimulia habari za Liti, mwanamke aliyewapinga Wadachi katika miaka ya kwanza ya karne ya 20. Wanasema alikuwa na dawa ya nyuki, na askari walipomjia nyuki waliwashukia kama mvua hata wakatupa bunduki wakakimbia. Mwisho Wadachi wakarudi kwa hila wakamwua. Jina lake sasa limepewa uwanja wa mpira wa Singida. Wengine watauliza, "Je, ni kweli nyuki walitumwa?" Mimi nasema hivi. Singida ni nchi ya asali tangu zamani, na mtu anayeishi na mizinga ya nyuki anajua jinsi ya kuwaudhi na anajua wataelekea wapi. Ukiyaacha ya dawa, linabaki jambo lisilo na shaka, kwamba watu wa huku walimkumbuka mwanamke kuwa mkuu wa vita yao, na wamelitunza jina lake zaidi ya miaka 100 bila kuandika.

Tunafika sasa kwenye mwaka 1916. Vita Kuu ilikuwa imewaka. Jeshi la Waingereza, pamoja na Makaburu wa Afrika Kusini, lilishuka kutoka kaskazini, likashika Kondoa-Irangi mwezi wa Aprili na Dodoma mwisho wa Julai. Wabelgiji nao walitoka Kongo, wakaingia Tabora tarehe 19 Septemba. Wadachi wakarudi nyuma kusini, na boma la Mkalama likaingia mikononi mwa Waingereza. Waliweka pale kikosi kidogo tu, kwa kuwa adui alikuwa mbali sana. Ndivyo walivyodhani.

Mwezi wa Februari 1917 kapteni wa Kidachi, Max Wintgens, aliyekuwa zamani mkubwa wa Rwanda, alijitenga na wenzake kusini. Alichukua askari wapatao 500, na bunduki za rashasha, pamoja na wapagazi, wanawake na watoto, akageuka kwenda kaskazini bila kungoja amri ya mtu. Alipofika karibu na Tabora homa ilimshinda, na mwezi wa Mei akajitoa kwa Wabelgiji. Luteni wake, Heinrich Naumann, hakukubali kujitoa. Mwisho wa Mei aliivuka reli mashariki ya Tabora, karibu na Malongwe, akashika njia ya kaskazini. Mbele yake ilikuwapo nchi ya Iramba, na katika nchi hiyo boma ambalo Wadachi wenyewe walilijenga.

Basi mwezi wa Juni 1917 Naumann akalizingira boma la Mkalama. Litazame jambo hilo kwa makini. Ndani ya ukuta wamo Waingereza na askari wao Waafrika. Nje ya ukuta wapo Wadachi na askari wao Waafrika. Ukuta uliojengwa ili kumlinda Mdachi sasa unamzuia Mdachi asiingie. Na ulikuwa ukuta mzuri! Matundu ya bunduki yaliyotobolewa kwa ajili ya kupiga wenyeji sasa yaliwapiga wale waliotoboa. Naumann hakuwa na mizinga mikubwa ya kubomolea kuta. Waliokuwa ndani walikataa kujitoa, na baada ya siku kadhaa, majeshi yaliyomfuata yakiwa yanakaribia, ilimbidi aondoke. Alikwenda kaskazini mpaka Ikoma, penye boma jingine la Kidachi, na huko mwisho wa Juni akawapiga Wabelgiji vibaya. Alizunguka mpaka upande wa Kilimanjaro, akarudi upande wa Kondoa, na mwanzo wa Oktoba 1917 akazungukwa, akajitoa.

Katika vitabu vya vita habari hii husimuliwa kama mchezo wa mwindaji na mnyama, na waandishi husifu ushujaa wa Naumann au subira ya wale waliomfukuza. Wenye nchi hawatajwi, au hutajwa kwa neno moja. Lakini jeshi la watu mamia halili hewa. Mtama wa ghalani ulichukuliwa, mbuzi walichukuliwa, na mtu mwenye mabega mazuri alifungwa kamba akawa mpagazi. Kisha walikuja wanaowafuata, nao wakataka chakula na wapagazi vile vile. Mkulima akiwa kati yao alifanya nini? Aliyewahi alikimbilia porini pamoja na ng'ombe wake. Vita ilipopita, njaa ikaja. Kwa majirani zetu Wagogo njaa ile ya miaka ya 1917 mpaka 1920 inaitwa Mtunya mpaka leo. Juu ya njaa yakaja mafua makali ya 1918. Na wapagazi waliokufa njiani katika vita ile, kwa pande zote mbili, ni wengi kuliko askari waliokufa kwa risasi. Ile sehemu ya Dar es Salaam iitwayo Kariakoo imepata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza.

Baada ya vita Waingereza walikaa katika boma lile lile na kuifanya Mkalama kuwa makao ya wilaya. Baadaye makao yalihamishiwa Kiomboi, na Mkalama ikabaki kando. Hata reli haikuifikia: katika miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupita Singida mpaka Kinyangiri, likaishia hapo, na katika miaka ya 1940 likang'olewa. Njia kuu ya magari ikapita Iguguno. Hivyo mahali palipokuwa pakuu pakawa kimya, na mahali pa kupita tu pakawa na soko. Mwaka 2012 wilaya mpya ilikatwa kutoka Iramba, ikapewa jina la zamani, Mkalama, lakini makao yake yakawekwa Nduguti.

Neno moja limebaki. Katika miaka ya 1930 Mdachi mwingine, Ludwig Kohl-Larsen, alikaa katika nchi hizi akachimba mapango karibu na Ziwa Eyasi, na akawaketisha wazee wa Isanzu, Iramba na Uhadzabe wamsimulie ngano zao. Alizichapa kwa Kidachi. Kwa hiyo maneno ya mababu yenu yamo katika maktaba za Ulaya, katika lugha ambayo wajukuu wao hawaisomi. Lakini wapagazi wa 1917, na waliobeba mawe ya Mkalama, hakuna aliyewaketisha wote akaandika.

Wiki hii basi, kazi yenu ni hii. Kila mmoja amwendee mzee wa ukoo wake, amsalimu vizuri, amwulize alisikia nini kwa wazazi wake juu ya boma, juu ya kodi, na juu ya mwaka ule Wadachi walipoirudia Mkalama. Usimkatize, wala usimsahihishe tarehe. Ukirudi nyumbani andika mistari 5 kwa mkono wako mwenyewe, uandike jina la aliyekusimulia na jina la kijiji chake, kisha uilete darasani tuisome kwa sauti.